Chenga Huhama, Nembo Hubaki

Wanangu, simu zenu zina adabu iliyopitiliza. Mnampiga mtu picha chumbani, dirisha limefungwa, taa ni ya koroboi, na bado simu inamtoa laini kama tui la kwanza: hana kovu, hana chunusi, hana hata usingizi machoni. Mnafurahi, mnatumiana. Mimi nikioneshwa huvaa miwani, nikatazama, kisha nikauliza swali ambalo wajukuu zangu wamelichoka: "Na mwenyewe yuko wapi?"

Siulizi kwa wivu. Nimestaafu. Kamera zangu zimelala juu ya kabati zimefunikwa kanga, na flashi pekee ninayoijua siku hizi ni ile inayowaka gotini nikiinama. Lakini nimeishi kwa kupiga picha hapa Mtwara tangu enzi za filamu mpaka enzi za kadi, na kuna jambo moja nililojifunza kwenye kamera mbovu ambalo kamera nzuri haiwezi kuwafundisha. Jambo lenyewe ni chenga.

Chenga mnazijua. Ni zile za televisheni antena ikigeuzwa na upepo. Kamera za dijitali za mwanzo zilikuwa nazo. Ukipiga picha penye mwanga haba, kamera ilijikaza, ikatafuta mwanga usiokuwepo, na pale ilipokosa ikajaza vidoadoa: vyekundu, vya kijani, vya buluu, vimemwagika usoni kwa mtu kama chenga za mchele kwenye ungo. Bibi harusi aliingia studio akiwa mwororo, akatoka kwenye karatasi kama amelala juu ya kichuguu.

Lakini ngoja nianzie kwenye chungu.

Fundi aliyenifundisha kazi, Fundi Hamisi, alikuwa na studio Chikongola, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege. Mchoraji hakuwa amewahi kuiona ndege kwa karibu, kwa hiyo aliiwekea taa mbili za mbele kama lori. Wateja hawakujali. Walipanda juu ya kreti la soda, wakashika begi tupu, wakapigwa picha wakiwa "wanashuka kutoka Ulaya". Joto la Mtwara lilikuwa linaua filamu, na friji hatukuwa nayo. Basi Fundi alichimbia chungu kwenye mchanga mbichi uani, akaweka kingine kikavu ndani yake, na filamu zikakaa humo zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, baridi kama maji ya mtungi.

Siku moja mama mkwe wake alikuja kutembea. Fundi akiwa na mteja, mama akatafuta ukwaju, akafunua chungu. Tulimkuta amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, juani, amevuta filamu nzima ya harusi ya watu, imemzunguka miguuni kama utumbo wa mbuzi.

"Hamisi, mwanangu," akasema kwa huruma ya kweli, "wamekuuzia mbovu. Nimetafuta mpaka mwisho, hamna ntu humu."

Mkwe ni mkwe. Fundi alimeza mate mara tatu, akasema, "Ahsante mama, nitawarudishia." Kisha akaingia chumba cha giza akafunga mlango, na mimi nikasikia sauti ya mtu anayeuma kitambaa.

Harusi ile ilibidi irudiwe, wanangu. Tuliwaita maharusi wakavaa upya, wakala keki ya maandazi yaliyopangwa yakafunikwa karatasi nyeupe. Mkiikuta picha hiyo kwenye albamu ya mtu Mtwara, msiseme.

Nimewasimulia chungu kwa sababu nilikuja kukihitaji tena. Fundi alipozeeka akaniachia studio, na filamu zikaanza kuadimika. Kamera yangu ya filamu nayo ilikuwa imeota ukungu ndani ya lenzi, kwa chumvi na unyevu wa huku kwetu. Nikanunua kamera ya dijitali ya mkononi kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama na mizigo yake. Mwenyewe aliiona kuukuu. Mimi niliiona kama nimekabidhiwa mwezi.

Mwezi wenyewe ulikuwa na chenga. Kwanza sikujua zinatoka wapi. Siku hii picha safi, siku ile picha imejaa upele. Ndipo nikagundua kwamba kamera ikikaa juani, ikapata moto, chenga huzaana kama vifaranga. Nikafukua chungu cha Fundi Hamisi. Kamera nikaizungushia kanga kavu, nikailaza mle mpaka mteja afike. Watu walikuwa wanakuja studio wananikuta nimechutama uani nafunua chungu, wanadhani wamekosea nyumba, wamekuja kwa mganga.

Mengine nilijifunza kwa kuumia. Ile namba ya ISO, inayoiambia kamera ijikaze kiasi gani kutafuta mwanga, iache chini kabisa kila unapoweza. Ukiipandisha, unaomba chenga kwa mdomo wako. Kama mwanga ni mdogo, usiilazimishe kamera, iegemeze. Mimi nilikuwa na kifuko cha mchanga cha ukubwa wa kichwa cha mtoto. Nakiweka juu ya meza au juu ya gunia la korosho, nailaza kamera juu yake, sishiki kitu, naiacha ipige yenyewe kwa kile kitufe cha kuhesabu. Na usipige picha nyeusi ukitegemea kuing'arisha baadaye. Ukiing'arisha, chenga zote zilizojificha kwenye weusi zinachomoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Afadhali iwe nyeupe kidogo, uipunguze.

Hayo yote niliyajua, nikajiona fundi. Ndipo akaja Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa akiuza viungo sokoni, msichana mwenye maneno ya haraka na mkono mwepesi kwenye mizani. Alikuwa na mchumba, tayari mahari imezungumzwa, na baba yake akafariki. Msiba ukapita. Mchumba akangoja kwa adabu. Lakini mama yake, Bi Asumini, aliyekuwa ndani, kijijini kwao Ziwani, amekaa eda ya mumewe, akasema neno moja likasimamisha kila kitu.

"Da Somoe," Mwanahawa akaniambia, ndilo jina langu, "mama amesema siolewi mpaka mjomba akae mkekani."

"Si umwite mjomba?"

"Mjomba mwenyewe yuko Msumbiji! Walipoteana vitani, mama akiwa kigori. Hata mimi sijawahi kumwona. Shehe kamwambia wali wangu wa kuniozesha ni baba mdogo, inatosha. Unajua alivyomjibu? 'Shehe ana wali wake, mimi nina kaka yangu.'"

Kwetu huku mnajua mjomba ni nani. Baba ni baba, lakini mjomba ndiye mlango wa nyumba. Na Bi Asumini alikuwa ameishi Ziwani miaka yote hiyo, amesilimu, amelima mihogo, amezika mume, bila mtu hata mmoja wa tumbo la mama yake upande huu wa Ruvuma.

Sasa ikatokea kwamba Bwana Chande, mchuuzi wa vitenge aliyekuwa akivuka kule mtoni kwenda na kurudi, alimsikia mzee mmoja upande wa pili, Paulino, akiulizia dada aliyekimbilia Tanganyika. Majina yakalingana, kijiji kikalingana. Lakini mzee alikuwa ameshadanganywa mara mbili na watu waliojifanya ndugu wakala kuku wake wakaondoka. Akamwambia Chande: "Maneno nimeshiba. Niletee uso." Na Chande akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mzee anakohoa vibaya. Kwa hiyo kungoja eda iishe, wazee wapone, mvua ikatike, hakuna aliyekutaka.

"Nitampiga mama yako picha mpaka kaka yake amsikie anapumua," nikasema. Ndivyo nilivyokuwa naongea na wateja.

Nikaenda Ziwani na kamera yangu imo kwenye kapu. Bi Asumini alikuwa amekaa chumba cha ndani, kanga zimefifia, kitambaa cheupe kichwani. Na uso wake, wanangu! Uso ulikuwa umeandikwa. Mistari yenye vidoti ya nembo za Kimakonde za ng'ambo, zile za zamani zilizochanjwa kwa kisu na kusuguliwa masizi, ilishuka mashavuni kama nyayo za ndege kwenye tope, ikapanda kipajini, ikakutana juu ya pua. Nilikaa mlangoni nikisahau kupiga hodi.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Hazing'ati."

Nilipiga na flashi. Uso ukawa mweupe kama sahani, mistari yote imelala. Naye macho yalikuwa yanamuuma, akageukia ukuta. "Hiyo radi yako kawapigie samaki." Nikazima flashi. Nje alikuwa hatoki, na wale akina mama waliomkalisha eda walikuwa wamepanga mgongo mlangoni kama askari. Chumba kilikuwa na kidirisha cha kupita paka. Basi nikapandisha ISO mpaka mwisho, nikashika pumzi, nikapiga.

Mnajua kilichotoka. Chenga. Usoni mwa mtu mwenye vidoti na mistari ya kuchanjwa, zikamwagika vidoti vya kamera. Hukuweza kusema hii ni nembo na hii ni takataka.

"Mama amekuwa kama amechekechewa unga wa muhogo," Mwanahawa akasema, akarudisha picha mezani kwa kidole kimoja. "Siipeleki hii ng'ambo."

Nikaenda kwa Mwalimu Fidelis. Huyu alikuwa Mngoni wa Songea, alikuja Mtwara kufundisha hisabati sekondari, na jioni alikuwa na kiduka cha kuchapa na kutoa kopi jirani na studio yangu. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kusafisha picha, na Mwalimu alikuwa ameipenda kama mtu aliyeoa karibuni.

"Dada Somoe, vuta kiti uone maajabu," akasema. Akashika kitelezi, kile kitufe cha kusogeza kwenye kioo cha kompyuta, akakisogeza kulia. Chenga zikapungua. Akasogeza tena. Zikaisha. Akasogeza kidogo tena, kwa raha tu. Uso ukatulia kama maji ya kisima.

"Mashaallah," nikasema mimi.

"Na bado," akasema Mwalimu, akasogeza tena.

Tuliichapa kubwa. Mwanahawa akaibusu. Chande akaikunja ndani ya kitenge, akavuka nayo.

Alirudi akaja moja kwa moja studio, na Mwanahawa alikuwa ameshaitwa kutoka sokoni, amekuja na harufu yake ya binzari. Chande akaweka picha mezani.

"Mzee kaipeleka kwenye mwanga," akasema, "kaitazama. Kaigeuza nyuma. Kaitazama tena. Kisha kasema, 'Huyu mama ni mzuri, Mungu amtunze. Lakini dada yangu simwoni.'"

Ndipo na mimi nikaitazama picha kwa mara ya kwanza, maana ile ya kwanza nilikuwa natazama chenga zilizoondoka, sikutazama kilichobaki. Mashavu hayana kitu. Kipaji hakina kitu. Kitelezi hakijui Kimakonde. Kiliona vidoti, kikafuta vidoti, vya kamera na vya mama pamoja.

"Da Somoe," akasema Mwanahawa, na yale maneno yake ya haraka yalikuwa yamekwisha, "mmemfuta mama yangu."

Tulikwenda Ziwani sote wawili, picha imo kapuni. Nilidhani Bi Asumini atalia. Alichukua picha, akaisogeza mbali, akaivuta karibu, akaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mmenirudisha kabla sijachanjwa! Sasa uso wa kigori na meno ya kikongwe, Paulino ataamini nini? Mngenirudishia na meno basi."

Kisha akashika mkono wangu, akapeleka kidole changu chini ya jicho lake la kushoto. "Papasa hapo. Umeusikia?" Mstari mmoja pale haukwenda na wenzake. Wengine wote walishuka sawasawa, huu ulipinda ukakimbilia sikioni.

"Siku ya kuchanjwa hulii," akasema. "Ukilia umeaibisha nyumba. Kaka yako ndiye anakushika kichwa kisitikisike. Basi Paulino kanishika, fundi kaleta kisu chake, mimi nimekaza meno kama ntu nzima. Silii! Sasa yule shetani akainama akaninong'oneza neno sikioni. Nikacheka. Kisu kikapotea njia."

"Neno gani, mama?" Mwanahawa akauliza.

"Siwezi kulisema, nimo kwenye eda."

Wale akina mama wa mlangoni wakaangua kicheko hata mmoja akadondosha ukili aliokuwa anasuka.

"Paulino alikula bakora," Bi Asumini akaendelea, akijifuta machozi, "mimi nikala kuku. Huo ndio uso wangu anaoujua. Huo mstari ukikosekana, hata mimi nikienda na miguu yangu atanifukuza." Mkono wake ulikuwa bado umeshika wangu. "Somoe, mwanangu. Kifua kinachokohoa hakingoji. Nipige vizuri."

Nilirudi mjini na moyo wa mtu aliyekabidhiwa yai kwenye barabara ya mashimo. Picha yenye chenga haifai. Picha isiyo na chenga haifai. Nikakaa na Mwalimu Fidelis dukani kwake, na yeye alikuwa mnyonge kuliko mimi, hata hakugusa kitelezi. Tulikuwa tunapitia picha zote nilizopiga siku ile ya kwanza, tukitafuta moja iliyo afadhali. Mbili kati ya hizo nilizipiga kamera ikiwa imekaa juu ya sanduku la nguo, mfululizo, sikuisogeza. Mwalimu akawa anabonyeza, hii, ile, hii, ile.

"Hebu rudia," nikasema.

Akarudia. Hii, ile, hii, ile.

"Mwalimu, tazama shavu. Chenga zinaruka."

Zilikuwa zinaruka kweli. Picha hii kidoti chekundu kipo puani, picha ile kimehama, kiko kwenye kitambaa. Zilicheza kama sisimizi waliopigwa maji ya moto. Lakini nembo zilikuwa zimekaa palepale, picha zote mbili, kila mstari kwenye kituo chake.

Mwalimu akasimama. Akakaa. Akasimama tena. "Wastani!" akapiga kelele, mteja aliyekuwa anangoja kopi ya cheti akaruka. "Dada Somoe, ni wastani tu! Mwanafunzi akifanya mtihani mmoja, anaweza kubahatisha. Akifanya mingi, ukitafuta wastani, kubahatisha kunafutika, kinabaki anachokijua. Tupige picha nyingi za mama, hajatikisika, kamera haijatikisika. Tuzilaze moja juu ya nyingine. Kila chenga itakuwa imebahatisha peke yake. Nembo zitakuwa zimejibu sawa kila mara!"

"Sasa kazi ni moja," nikasema. "Bi Asumini asitikisike. Unamjua Bi Asumini?"

"Simjui."

"Utamwombea dua basi, ya kikwenu."

Nilipeleka Ziwani kifuko changu cha mchanga, shuka jeupe, na bati jipya nililoazima dukani. Mwanahawa na wale akina mama wa mlangoni wakawa mafundi wangu. Wawili waliinamisha bati uani likakamata jua, likalisukuma kwa kupitia mlango mpaka chumba cha ndani. Mmoja alitandaza shuka upande wa pili, mwanga ukigonga pale ukarudi taratibu. Mwanga wa ubavuni, wanangu, ndio unaoamsha kilichochorwa kwenye ngozi. Wa mbele hulaza. Nembo zilinyanyuka kama matuta ya shamba asubuhi. ISO nikaishusha kiasi nilichothubutu. Kamera juu ya mchanga, mchanga juu ya gunia la korosho.

"Mama, usitikisike."

"Sitikisiki."

"Na usiseme."

"Sijasema. Hilo bati mmelitoa wapi? La Mzee Nani? Mwambieni tutalirudisha lisije likasemwa."

Nilijaribu mara ya kwanza, akageuka kuwaelekeza wenye shuka. Mara ya pili akapiga chafya. Ndipo likanijia.

"Mama, kaa kama siku ile ya kuchanjwa. Mwanahawa, njoo nyuma ya mama yako. Mshike kichwa."

Mwanahawa akapiga magoti nyuma yake. Akaweka mikono miwili mashavuni, karibu na masikio, vidole vimefungua uso wote uonekane. Bi Asumini alinyamaza mara moja, kama mtu aliyefunikwa na shuka lake la utotoni. Mgongo ukanyooka. Macho yakatazama mbele, yakanipita mimi, yakaupita ukuta.

"Ila safari hii usicheke," nikasema.

"Paulino hayupo," akajibu bila kufungua midomo. "Nicheke na nani?"

Nikabonyeza, nikaacha. Nikabonyeza, nikaacha. Hata kuku wa uani walinyamaza. Nilipiga mpaka betri ikaniaga.

Mwalimu alizilaza kwenye kompyuta moja juu ya moja, na nawapa siri yake bure: ya chini iache nzima, ya pili ifanye ionekane nusu tu, ya tatu theluthi, ya nne robo, endelea hivyohivyo mpaka ziishe. Kila tuliyoongeza, chenga zilififia, si kwa kufutwa, ila kwa kila moja kukosa mwenzake wa kukubaliana naye. Na nembo zikazidi kuiva. Mwishoni tukaona mstari ule wa chini ya jicho la kushoto ukitoka polepole, umepinda, unakimbilia sikioni, mtukutu kama siku ulipozaliwa. Mikono ya Mwanahawa ilikuwa pembeni, imeshika kichwa.

Mwalimu akasogeza kiti nyuma. "Kitelezi sikigusi," akasema.

Chande akavuka. Tukangoja. Mchumba wa Mwanahawa akawa anapita studio kila akitoka kazini, anauliza bei ya picha za pasipoti ambazo hakuzihitaji. Eda ikaisha, Bi Asumini akaoga, akavaa kanga mpya, akaanza kutoka hadi shambani. Chande hajarudi. Mwanahawa alipunguza maneno, na mtu wa maneno akipunguza maneno, soko zima linajua.

Kisha mchana mmoja nikiwa nimechutama uani kwangu nafunua chungu, nikasikia kikohozi. Nikageuka. Chande amesimama, na pembeni yake mzee mrefu, kofia ya ukili mkononi, rozari shingoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Anatazama chungu, anatazama mimi.

"Chande," akasema, "umenileta kwa nganga?"

Akatoa picha ndani ya shati. Ilikuwa imeshaanza kulainika kwenye mikunjo. Hakuuliza jina la mtu, wala bei, wala njia. Aliweka kidole gumba chini ya jicho la kushoto la dada yake.

"Huu mstari," akasema, "fundi wake ni mimi."

Sikufunga studio vizuri, nawaambieni kweli. Mwalimu Fidelis aliacha wanafunzi na mtihani wa majaribio, hilo mwalimu mkuu wake asijue mpaka leo. Tulifika Ziwani, mimi nikashindwa hata kuandaa kamera. Hawakukumbatiana kama kwenye filamu. Walisimama mbali kidogo, wakatazamana muda mrefu, na Bi Asumini akasema, "Umechelewa, ugali umepoa." Ndipo yeye mwenyewe akalia, kilio cha siku zote alizoambiwa asilie.

Jioni mkeka ukatandikwa chumba cha ndani. Mjomba akakaa. Wazee wa mchumba wakakaa, shehe naye akakaa, akiwa mpole sana. Mambo ya Mwanahawa yakazungumzwa yakaisha vizuri. Nikaona huu ndio wakati. Sikuwa na bati, sikuwa na shuka, kifuko cha mchanga nilikisahau mjini. Nikapandisha ISO mpaka mwisho. Nikashika kamera mkono mtupu, yenye joto la safari. Makosa yote niliyowakataza humu niliyafanya kwa pamoja.

"Mzee Paulino, mama, tulieni hivyohivyo. Msitikisike."

Wakatulia. Wakakaza nyuso kama watu wa pasipoti. Nilipokuwa nabonyeza, mzee akainama kidogo, midomo ikafika sikioni kwa dada yake. Neno moja tu. Bi Asumini akapasuka.

Picha ile ilitoka na chenga kutoka kona hadi kona. Kichwa cha Bi Asumini kimerushwa nyuma mpaka hakina ukingo, kofia ya mzee iko hewani, nembo zimekuwa moshi, na mkeka haujulikani unaishia wapi. Nilipoipeleka Ziwani nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Mwalimu Fidelis alikuja nami, akaikagua begani kwangu, akasafisha koo.

"Hii nipeni siku mbili," akasema. "Nikipunguza kidogo tu hapa na hapa, itakaa sawa."

Bi Asumini akaivuta picha, akaibana kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu," akasema, "huyu niachie. Huyu bado anacheka."